The Exorcist na The Blair Witch Project: ipi inatisha zaidi?

Aliyekulia Mombasa akisikia habari za majini hahitaji kufafanuliwa The Exorcist (1973). Binti wa miaka 12 kapagawa, mapadri wawili wanakuja kumpunga pepo. Mambo hayo twayajua, na ndiyo maana filamu inatuganda. Mwongozaji wake, William Friedkin, alikipoza chumba cha kulala mpaka pumzi za waigizaji zikafuka. Kichwa cha binti kinachozunguka kimeshazoeleka. Kinachonitisha hadi leo ni sauti ya pepo, iliyotiwa na mwigizaji Mercedes McCambridge.

Hata hivyo, kwangu mimi The Blair Witch Project (1999) ndiyo kiboko. Vijana watatu wanapotea msituni Maryland, Marekani, na mchawi haonekani hata mara moja! Vijiti vinavunjika usiku, asubuhi wanakuta mawe yamepangwa nje ya hema. Waigizaji wenyewe ndio walioshika kamera, kwa hiyo wakikimbia, nawe unakimbia. Mengine unayajaza mwenyewe, na aliyelelewa kwa hadithi za majini ya mibuyuni ana mengi ya kujazia.

Ya kwanza itazameni pamoja sebuleni. Ya pili tazama peke yako, usiku, na feni uizime usikie kila mchakacho.