Redio koli za kuanzia: ipi ununue kwanza, na ufanye nini isiposhika

Anayekuja kuniuliza kuhusu redio koli karibu kila mara huanza na swali lile lile: inafika kilomita ngapi? Nami humuuliza utaitumia wapi, naye hushangaa, kwa sababu kwenye boksi ameshasoma kilomita tano, kumi, au hata zaidi ya hamsini. Namba hiyo hupatikana mmoja akiwa kileleni, mwenzake bondeni, na katikati pakiwa wazi. Huku chini tunakoishi kuna migomba, makontena, kuta za zege na mapaa ya bati.

Chukua mfano wa watu wawili waliosimama kwenye uwanda mtupu, kila mmoja na redio yake usawa wa mdomo. Mkunjo wa dunia peke yake huwakata wakifikia kama kilomita 10, hata mashine zao ziwe na wati mia. Mpandishe mmoja juu ya paa la mita 20, sasa wanafika kama kilomita 23, na redio ni zile zile. Wati nazo haziendi kama watu wanavyodhani: hata mahali pa wazi, kuongeza umbali mara mbili kunahitaji nguvu mara nne. Ndiyo maana simshauri mtu anunue wati. Namshauri aangalie mahali pake, halafu achague redio inayopafaa.

Kuna jambo moja la kumaliza kabla ya kutoa pesa. Masafa, yaani njia za mawimbi ambazo redio huongelea, yana mwenyewe. Tanzania leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, Kenya uende Mamlaka ya Mawasiliano, Uganda Tume ya Mawasiliano. Mwulize muuzaji kama aina hiyo ya redio imeidhinishwa nchini, na usikubali jibu la "zote ni sawa". Redio nyingi za bei ndogo hutoka kiwandani zikiwa zimejazwa masafa yale yale. Ukiitoa kwenye boksi na kuanza kuongea, unaweza kujikuta ndani ya mazungumzo ya walinzi wa jirani, au ya watu wanaotegemea chaneli hiyo kwa kazi nzito kuliko yako. Ukishapewa masafa yako, fundi anayaingiza kwa waya na kompyuta, ni kazi ya dakika chache.

Namba moja: UHF ya chaneli 16, isiyo na kioo

UHF ni kundi la masafa yenye mawimbi mafupi kuliko VHF, kundi lingine utakaloliona mbele. Redio hii ndiyo ninayompa mtu anayeanza, awe mkuu wa shule, mwenye ghala, kamati ya harusi au meneja wa hoteli. Juu ina vifundo viwili tu vya kuzungusha, kimoja cha kuwasha na sauti, kingine cha chaneli. Ubavuni kuna kitufe cha kuongelea. Mlinzi aliyeanza kazi leo anafundishika kabla chai haijapoa, na usiku kwenye mvua anaitumia kwa kupapasa bila kutafuta maandishi.

UHF inafaa majengo. Wimbi lake lina urefu wa kama sentimita 65, kwa hiyo hupenya madirishani na kwenye korido vizuri kuliko VHF, na antena yake fupi haimchomi mtu mbavu akikaa.

Hapa kuna ngazi mbili za bei. Chini ziko za bei ndogo, inayojulikana zaidi ikiwa Baofeng BF-888S. Juu ziko za kazi za Motorola, Kenwood na Hytera, ambazo kwa bei ya moja unapata za chini kadhaa. Watu huniuliza tofauti ni nini ikiwa zote zinaongea. Tofauti kubwa iko kwenye masikio. Redio ya bei ndogo husikia vizuri mahali palipotulia, lakini ipeleke karibu na minara na mitambo mingine ya kurushia mawimbi, inaziba: mwenzako anaita na wewe hupati kitu. Ya bei kubwa huchuja. Pia hufungwa vizuri dhidi ya maji na vumbi, na betri yake utaipata hata baada ya miaka kadhaa. Kwa ukumbi wa harusi, ya bei ndogo inatosha kabisa. Kama kuna mtu atakayeumia au kufa iwapo ujumbe hautafika, mlimani, machimboni, kwenye kreni, nunua ya juu, na kama pesa haitoshi anza na chache.

Kwa vyovyote, watu wakiwa wanne nunua redio tano. Ile ya tano unayojua ni nzima ndiyo itakayokusaidia kutafuta ubovu wa nyingine. Ongeza na betri za akiba. Saa zilizoandikwa kwenye boksi kwa kawaida hupimwa kwa hesabu ya asilimia 5 kuongea, 5 kusikiliza na 90 kukaa kimya, na hakuna kamati ya harusi inayokaa kimya kiasi hicho.

Namba mbili: VHF, kwa shamba na nyika

Kazi yako ikiwa nje, kwenye mashamba makubwa, hifadhini au barabara ya vumbi kati ya vilima, VHF inapanda iwe ya kwanza. Wimbi lake la kama mita mbili hupita kwenye miti na kujikunja juu ya vilima vizuri zaidi. Nguvu yake halisi utaiona ikifungwa kwenye gari. Antena ndefu katikati ya paa la bati, waya mzuri, umeme wa betri ya gari: ya mkononi haiifikii.

Tahadhari ni moja tu, nayo hugharimu watu pesa kila mwaka. VHF na UHF hazisikilizani. Ukitaka kuongeza redio kwenye zile ulizonazo, fungua betri usome kibandiko cha nyuma kwanza. Kikisema 136 hadi 174 ni VHF, kikianzia 400 na kuendelea ni UHF.

Namba tatu: redio za laini

Hizi huwekwa laini ya simu na kuongea kupitia intaneti, ingawa zina umbo na kitufe cha redio. Aliyeko Dar es Salaam anaongea na dereva wa lori aliyeko Tunduma. Kwa kampuni za usafirishaji ni chombo kizuri sana. Nimeziweka namba tatu kwa sababu zinataka bando kila mwezi, na mtandao ukipotea zinakaa kimya, wakati wengi wanaonijia wanatafuta redio kwa ajili ya mahali pale pale ambapo simu haishiki.

Namba nne ni za kidijitali. Sauti ni safi, na kwenye masafa yale yale wanaweza kuongea watu wa makundi mawili kwa wakati mmoja. Lakini analogi, yaani redio ya kawaida isiyo ya kidijitali, ikizidiwa na umbali hukwaruza kwanza, ukajua unakaribia mwisho. Dijitali hukata ghafla. Anayeanza anahitaji ule mkwaruzo umfundishe mipaka ya eneo lake.

Namba tano: zenye kioo na namba za kubonyeza

Najua wengi walitegemea kuiona UV-5R ya Baofeng juu. Ina VHF na UHF pamoja, inahifadhi chaneli 128, na bei yake ni ndogo. Mwenye leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya burudani na si ya biashara, anayejua anachofanya atafurahi nayo. Kwa timu, mimi siipendekezi. Kitufe kimoja kikiguswa mfukoni, mtu ametoka kwenye chaneli na hajui. Kibaya zaidi ni kwamba anaweza kurusha sauti kwenye masafa ya vyombo vya usalama au vya uokoaji bila kukusudia. Uwezo mwingi mikononi mwa asiyeuhitaji unaongeza njia za kukosana.

Mwisho kabisa: jozi ya zawadi kutoka nje

Ndugu aliyeko Marekani au Ujerumani anakuletea pakiti yenye redio mbili za rangi. Za Marekani zinatumia chaneli 22 kwenye megahezi 462 na 467. Za Ulaya zina chaneli 16 kwenye 446, nusu wati, antena isiyofunguka. Za Marekani na za Ulaya hazielewani, na ruhusa ya kuzitumia bila leseni ni ya kule zilikonunuliwa. Mshukuru ndugu yako, na kabla ya kuziwasha waulize mamlaka ya mawasiliano.

Wavuvi na wenye boti, hakuna hata moja kati ya hizi inayowahusu. Nunueni VHF ya baharini isiyoingiza maji, na ikiwezekana inayoelea. Chaneli 16, megahezi 156.8, ni ya dharura na ya kuitana duniani kote, na meli iliyo karibu inatakiwa iwe inaisikiliza.

Isiposhika

Mwanzoni mwa msimu wa kupanda mlima, mwongoza wageni mmoja hapa Moshi aliniletea redio nne. Mbili mbovu, alisema, hazisikii, na alikuwa ameshauliza bei ya mpya. Nilimwachia moja ya zile "mbovu" pale ngazini, nikaenda mpaka getini na redio nzima, nikabonyeza.

"Taa imewaka?"

"Imewaka ya kijani, kaka, ila kimya."

Hapo ubovu ukawa umeshajitaja. Kwenye redio nyingi taa ya kijani huwaka mawimbi yakiingia. Kama taa inawaka na spika haitoi kitu, na sauti umeshaipandisha, basi mlango umefungwa na toni: redio yako imeambiwa isifungue spika mpaka isikie mlio fulani wa chini, na mwenzako hautoi. Nilimwambia ashikilie kitufe kidogo kilicho chini ya kile cha kuongelea, kile kinachofungua spika kwa nguvu, nikabonyeza tena. Sauti yangu ikatoka. Zile mbili zilikuwa zimepangwa na fundi mwingine, bila toni sawa na wenzake. Tulizisawazisha kwa waya na akaondoka na redio nne nzima. Na kwa kuwa tumeitaja, toni haifichi mazungumzo yako. Inakuzuia wewe usisikie wengine, wao wanakusikia vizuri tu.

Kwa hiyo anza na taa. Tenganeni hatua kumi kwanza, kwa sababu zikikaribiana sana hupiga mluzi na kuzidiwa, ukadhani ni mbovu. Taa isipowaka kabisa, angalia namba ya chaneli kwa macho, maana kifundo huzungushwa na mfuko wa koti. Kisha ubadilishane na ile redio ya tano. Taa ikiwaka na sauti ikakwaruza, mawimbi yanafika yakiwa dhaifu, na tatizo liko kwenye antena, betri au mahali uliposimama.

Betri ina dalili yake. Inapokea vizuri, lakini ukibonyeza kuongea inalia au kuzima. Kupokea hutumia umeme kidogo, kurusha hunywa mara nyingi zaidi, na betri iliyochoka hugundulika hapo. Kabla hujaitupa, itoe, ufute vile vibati vya kugusana kwa kifutio cha penseli na kitambaa chenye spiriti. Uchafu wa jasho na vumbi huonekana hata kwenye kitambaa. Juu kule kambi ya Barafu, Kilimanjaro, mita 4,673, baridi hufanya betri nzima ionekane imekufa; ile ya akiba ilale ndani ya koti, karibu na mwili.

Antena ikaze mpaka mwisho. Usiibebee redio hapo, usiikunje, na usibonyeze kuongea ikiwa haipo, kwa maana unaweza kuunguza sehemu ya kurushia. Mara nyingi nakuta antena ya VHF kwenye redio ya UHF kwa sababu kisigino chake kiliingia. Inaongea, lakini umbali umekufa.

Halafu mahali. Simamisha redio wima, iinue ifike usawa wa kichwa, kwani mwili wako wenyewe hunywa mawimbi ikiwa kiunoni. Toka ndani ya kontena, sogea dirishani. Na jaribu hili ambalo wengi hawaamini mpaka walione: kama inakatakata, sogea nusu hatua. Ndani ya majengo mawimbi hugonga kuta na kurudi yakakutana yenyewe, mahali pengine yakaongezeana, pengine yakafutana. Kwa UHF kutoka sehemu mbovu hadi nzuri ni kama sentimita kumi na sita.

Mlima hauna nusu hatua. Kambi ya Barranco iko bondeni chini ya ukuta wa mwamba, na aliye pale na aliye Barafu wana jiwe katikati lisilosikia wati. Kinachosaidia ni mwenzao wa tatu aliyepanda panapoona pande zote mbili, apokezane ujumbe. Mitambo ya ripita hufanya kazi hiyo hiyo, ikiwa una leseni na pesa.

Ukisikia mvumo usioisha ukiwa ofisini, zima taa za LED, chaja na inveta moja baada ya nyingine mpaka ukome.

Limebaki la mdomo. Redio inachukua muda kidogo kuamka, hasa ikipitia ripita, kwa hiyo bonyeza, hesabu moja, ndipo uongee. Kwa Kiswahili hili lina hatari yake, kwani ukanusho wetu unakaa mwanzoni mwa neno. "Msishuke" likikatwa kichwa, bondeni wanasikia "...shuke", na wanashuka. Timu ninazozifundisha nimeziondolea amri za namna hiyo kabisa. Wanabonyeza, wanangoja, wanasema "Simameni hapo hapo" mara mbili, wanaachia kitufe, na hawahesabu ujumbe umefika mpaka wausikie ukirudiwa na wa upande wa pili.