Bunduki ya Lee-Enfield Namba 4 ya 1943: tazama hapa kabla hujatoa pesa

Jamani, kabla sijasema lolote, tazameni. Navuta bolti, kile chuma kinachofunga chemba, nyuma, naingiza kidole kwenye chemba: hamna kitu. Haya, sasa tunaweza kuongea.

Hii ni Lee-Enfield Namba 4, ya kiwanda cha Long Branch, Kanada, mwaka 1943. Wakenya wenzangu, ndiyo ile tunayoiita Mark 4, mliyoiona begani mwa polisi wa akiba kule kaskazini. Na wazee wetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) waliopelekwa Burma mwaka 1944 walibeba Lee-Enfield. Mimi hii nimeikuta hapa Texas, dukani, kona ya nyuma, vumbi tupu. Dola 700.

Mtaniuliza, mbona umenunua chafu? Kwa sababu ya kwanza niliyonunua iling'aa kama kabati la sebuleni. Mbao zimepigwa msasa, zikapakwa vanishi, mihuri yote ya jeshi imefutika. Muuzaji akaniambia imetunzwa, nami nikaamini. Siku ya kuiuza, mkusanyaji wa kwanza kuishika alicheka, akairudisha mezani. Sikupata hata nusu ya pesa yangu. Ule msasa ndio uliokula thamani.

Ngoja nisogeze kamera. Mnaiona namba hii hapa kushoto, shingoni, juu ya triga? Sasa geukeni huku, nyuma ya mkono wa bolti... ni ile ile. Hapo ndipo wakusanyaji wanapotoa pesa. Bolti ya bunduki nyingine inaweza kuingia vizuri tu, lakini nafasi kati yake na kitako cha risasi ikizidi, ganda linaweza kupasuka karibu na uso wako. Kichwa cha bolti hii hufunguliwa kwa kuzungushwa, na kimepigwa namba, kuanzia 0 hadi 3; namba ikipanda, kichwa ni kirefu zaidi. Mpelekee fundi aipime nafasi hiyo kwa geji. Usikisie kwa macho.

Halafu kuna ugonjwa wa bunduki za Long Branch na za Savage (kiwanda cha Marekani), zile zenye muhuri wa toleo Mk I na kinyota baada yake. Wakati wa vita walitaka kazi iende haraka, wakaondoa kidude cha kuachia bolti, badala yake wakakata pengo kwenye reli, njia ambayo kichwa cha bolti hupita. Pembe ya pengo hilo humeguka. Hii yangu ina mkwaruzo tu, namshukuru Mungu. Muuzaji akikukataza kumulika tochi hapo, mwachie bunduki yake. Ukiwa na tochi, mulika na mtutu: mistari ya ndani iwe na makali, isiwe imelika kwa kutu.

Kuipiga ni raha, hilo sitaficha. Magazini inabeba risasi 10, unazisukuma tano tano kwa klipu. Ila risasi yake, .303, ina ukingo kwenye kitako: ukingo wa risasi ya juu lazima ukae mbele ya ule wa risasi ya chini, la sivyo zinakwamana na utabaki unapigana na bolti watu wakikutazama.

Karatasi? Hapa Marekani ukinunua dukani unajaza fomu ya serikali, namba 4473, na rekodi yako inakaguliwa. Kwa silaha za miaka 50 kwenda juu kuna leseni ya mkusanyaji, nami ndiyo naifuatilia. Ninyi mlio nyumbani, sheria ni nyingine kabisa, msinitumie meseji za "nitumie moja bro".

Mwisho, risasi nyingi za zamani za jeshi huacha chumvi mtutuni, na mafuta peke yake hayaitoi. Wanajeshi wa Kiingereza walimimina maji ya moto, kisha wakakausha na kupaka mafuta. Sufuria yangu iko jikoni inachemka sasa hivi, na mke wangu ameshauliza mara mbili kama ni ya chai.