Vitabu vya uraibu nilivyosoma hapa Moshi, vya kununa na vya kucheka

Naanza na hukumu kabisa ili mwenye haraka asome hii aende zake: kitabu cha uraibu ambacho mwandishi wake hajicheki hata mara moja, muachie muuzaji. Nimeshasoma vya kutosha, vingine mpaka mwisho vingine vimenishinda katikati, na kipimo hicho bado hakijanidanganya.

Mimi nina stationery huku Majengo, napiga fotokopi na kuprinti barua za watu, kwa hiyo mchana ukipoa muda wa kusoma upo. Vitabu nanunua kwa wale jamaa wa mitumba wanaotandika chini. Wazungu wanaokuja kupanda mlima na wale wa kujitolea wakiondoka wanaacha vitabu hosteli, vinashuka taratibu mpaka barabarani, ndo maana Moshi hii unaweza ukazunguka ukakosa kitabu cha baiolojia cha form two ila ukapata kitabu kizima kuhusu mateja wa Canada kwa elfu tano. Na sababu ya mimi kusoma mambo haya ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, namuita bro. Alikuwa mtu wa viroba enzi zile, ile pombe kali ya vipakiti, serikali ikavipiga marufuku Machi 2017, viroba vikaondoka yeye akabaki na kiu yake akahamia kwenye chupa. Saa hizi hanywi. Nikisoma kitu namsimulia akipita dukani, asipocheka wala asipobisha najua kitabu kimekufa.

Tuanze na Allen Carr, kile cha kuacha sigara kilichotoka 1985. Huyu alikuwa mhasibu Uingereza aliyekuwa anavuta sigara mia kwa siku, yaani pakiti tano, mpaka unajiuliza hesabu za watu alikuwa anazifanya saa ngapi. Aliacha 1983. Utamu wa kitabu ni kwamba anakuambia usiache kwanza, endelea kuvuta huku unasoma mpaka ukimalize, bro aliposikia hivyo akasema aisee hiki ndo kitabu cha kwanza cha wokovu kinachotoa ruhusa, akaondoka nacho siku hiyohiyo. Hoja yake kubwa ni kwamba sigara haikupi raha yoyote, inakuondolea tu ile kero iliyoletwa na sigara iliyopita, basi. Ukishaielewa hiyo umemaliza kitabu, na hapo ndo udhaifu wake maana anairudia sura hadi sura kama konda anayeita watu wa Himo na gari limeshajaa. Ila hakutishi na picha za mapafu na anajicheka vizuri sana. Alikufa kwa saratani ya mapafu 2006, zaidi ya miaka ishirini baada ya kuacha, na wapo wanaomkejeli kwa hilo, mimi sioni cha kukejeli hapo, mtu kavuta miaka thelathini na zaidi tena kwa kiwango kile.

Halafu jamani, njia ya sigara msiihamishie kwenye pombe kali kienyeji. Mtu anayekunywa kila siku kutwa nzima akikata ghafla anaweza kupata degedege, kuona vitu visivyokuwepo, hata kufa. Arosto ya unga inatesa vibaya mno lakini hii ya pombe watu wanaidharau na ndiyo inayoweza kuua. Bro aliachia mikononi mwa madaktari, na hilo vitabu vingi vinalitaja kwa mstari mmoja tu wakati lingetakiwa kuwa ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa.

Sasa Gabor Maté, kitabu chake cha 2008, hiki ndo nilichokipenda kuliko vyote na ndicho kilichotugombanisha. Ni daktari aliyefanya kazi na mateja wa Downtown Eastside, mtaa mmoja wa Vancouver. Jina la kitabu, In the Realm of Hungry Ghosts, yaani kwenye himaya ya mizimu yenye njaa, kalitoa kwenye picha za dini ya Kibuddha, kuna viumbe wana matumbo makubwa na shingo nyembamba, wanakula wanakula hawashibi. Ungetegemea mahubiri, si ndiyo? Badala yake katikati ya habari za watu wanaojidunga anaanza kujianika mwenyewe, kwamba na yeye ana ugonjwa wake, anafukuzia CD za muziki wa klasiki, anatumia maelfu ya dola, anamdanganya mkewe, na kuna siku alimwacha mama wa watu kwenye uchungu wa kuzaa akakimbilia dukani kununua CD. CD! Nilicheka pale dukani mteja akadhani namcheka yeye. Nilipomsimulia bro hakucheka mwanzoni, alikaa kimya, halafu akauliza "alirudi na risiti au aliitupa njiani?" Maana yeye alikuwa anatupa vifuniko mtaroni kabla hajafika kwa shangazi. Hapo ndo nikajua Maté kapatia, mgonjwa wa chupa wa Moshi kamtambua mgonjwa wa CD wa Vancouver.

Tulipogombana ni kwenye sababu. Maté kila kitu anakirudisha kwenye majeraha ya utotoni, kila mgonjwa wake ana utoto wa kutisha, na kwa wale wa mtaa ule naamini kabisa, lakini bro kalelewa vizuri, kala kashiba, kasomeshwa, na shangazi hawezi kusoma sura zile bila kujiona anashtakiwa. Tafiti za mapacha zinaonyesha kama nusu ya hatari ya ulevi inatokana na urithi wa damu, hiyo nusu Maté anaipitia haraka haraka sana. Namsamehe kwa sababu ya zile CD.

Johann Hari, kitabu chake Chasing the Scream cha 2015, huyu anaandika kama gazeti, kinasomeka upesi. Humo ndo kuna wale panya wa Bruce Alexander, mwanasaikolojia wa Canada mwishoni mwa miaka ya 70, panya aliyefungiwa peke yake alikunywa maji yenye mofini, dawa ya jamii moja na unga, kwa wingi, waliowekwa pamoja kwenye eneo kubwa lenye wenzao na vya kuchezea wakanywa kidogo. Stori tamu ila wengine waliporudia jaribio majibu hayakutoka yaleyale kila mara, kwa hiyo usiishike kama msahafu. Na kuna wanajeshi wa Marekani waliokuwa wanatumia heroini Vietnam, wengi wakarudi kwao wakaacha bila hata matibabu, hoja ikiwa ni kwamba mazingira yakibadilika na mtu anabadilika. Bro akasema sawa, wao walirudi kwao, mimi kwetu ndo kwenye kilabu.

Kile kitabu kikubwa cha AA (Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha) cha 1939 nilikiogopa kwa sababu ya sura yake ya kidini, na kweli kina lugha ya kizamani na sura ya wake wa walevi inachosha hadi hasira. Lakini kuna mahali wanasema wazi kwamba wao si watu wa kununa, na kwamba watu wa nje hushangaa wakiwakuta wanaangua kicheko kwa mkasa ambao kwa macho ya kawaida ni msiba. Nilivutiwa hapo. Hawa ni watu walioanza 1935 Akron, Ohio, wawili tu, dalali wa hisa aliyefilisika na daktari wa upasuaji aliyekuwa anatetemeka mikono, na bado wakaona bila kucheka hawatoboi.

Ndo tufike kwenye kile cha nukuu za kuchekesha. Changu hakina jalada wala kurasa za mwanzo kwa hiyo siwezi kuwaambia ni kipi, nilipewa kama nyongeza baada ya kuombaomba. Sehemu ya pombe na sigara ni nene kuliko ya ndoa. Oscar Wilde yumo, anasema anaweza kuhimili kila kitu isipokuwa kishawishi, na ile yake ya sigara kuwa ndiyo raha kamili kwa sababu ni tamu na inakuacha hujatosheka, mstari mmoja ambao Carr kautumia kitabu kizima kuufafanua. Ile ya kwamba kuacha sigara ni rahisi, mimi nimeacha mara elfu, imeandikwa jina la Mark Twain japo wanaofuatilia nukuu hawajaikuta kwenye maandishi yake, na hapa nakitoa kitabu maksi, maana siku hizi kila neno tamu lisilo na mwenyewe anabandikiwa Twain.

Kilichonikaa zaidi ni miaka. Kila jina lina mwaka wa kuzaliwa na wa kufa pembeni. Brendan Behan wa Ireland, aliyejiita mnywaji mwenye tatizo la uandishi, 1923 hadi 1964. Dylan Thomas wa Wales, anayebandikiwa ile ya mlevi ni mtu usiyempenda anayekunywa sawa na wewe, 1914 hadi 1953. Bro alichukua peni yangu ya kaunta akaanza kutoa, akaandika 41, akaandika 39, akaniuliza mimi nina ngapi vile, nikamwambia unajua mwenyewe. Akaendelea kusoma na kucheka ila peni hakuiweka chini.

Lawama yangu kwa kitabu hicho: wanaochekesha ni walevi tu. Mke wa mlevi hana nukuu hata moja, mtoto wake hana, mama mwenye kilabu hana. Shangazi peke yake angewajazia kurasa mbili. Aliwahi kuniambia kuhusu marehemu mumewe, "huyu njia ya kilabuni hajawahi kuipotea hata gizani, ya nyumbani ndo ilikuwa inamhamia." Nitajie mzungu aliyefikia hapo.

Na vyote kwa pamoja havijui kwetu. Vinakuambia kaa mbali na baa, badilisha marafiki. Sawa, njoo Kibosho mwezi wa kumi na mbili watu wote wamerudi kutoka Dar, kipaimara huku, harusi kule, mbege imepikwa kwa ndizi na ulezi wa nyumbani, kata inazunguka inafika kwako imetoka mikononi mwa babu mwenyewe, na kuikataa mbele za watu ni kama umekataa ukoo. Huyo babu si baa na si rafiki wa kubadilishwa. Bro alivyofanya Krismasi iliyopita, aliipokea kwa mikono miwili, akainama, akampa jirani yake akisema "babu, mimi yangu nilishaimaliza yote mapema." Wazee walicheka mpaka mmoja akakohoa, kata ikapita. Hakuna mwandishi kati ya hawa niliowataja aliyemfundisha hilo.

Kwa anayetaka kununua: Maté kwanza kama Kiingereza chako kiko vizuri, Carr kama ni sigara na huna muda. Hari azima usinunue. Cha AA kisome kwa kurukaruka. Natafuta cha kubeti, kilichoandikwa na mcheza kamari mwenyewe na awe anajicheka, maana vijana wa boda hapa nje wanashinda na mikeka kwenye simu na mmoja wao ameshaanza kuniuliza kama kipo cha kwake.