Maziwa ya long life: nilianza na kafyu ya 2020 na mpaka leo sijaacha

Naandika hii kwa wale wenzangu wanaokaa kwa nyumba haina friji na bado tunabishana kama maziwa ya long life, yale ya pakiti yanayokaa miezi bila friji, ni maziwa ya ukweli. Nimeyatumia tangu Machi 2020, karibu kila siku, ya kampuni tofauti tofauti, kwa hivyo hapa sisifu kampuni moja, naongea kuhusu maziwa yenyewe.

Kabla ya korona hata sikuwa nayanunua. Ploti yetu hapa Nairobi tulikuwa na mtu wa maziwa, mtungi wake unakuja na matatu ya asubuhi kutoka Kinangop, anakupimia na kikombe, na ukimkosa unashuka mpaka kwa ile ATM ya maziwa, mashine ya kukupimia kulingana na pesa yako, pale steji unasema nipe ya ishirini, chai inatoka. Long life ilikuwa ya safari. Halafu ikafika ile Ijumaa ya tarehe 13 Machi, mgonjwa wa kwanza akatangazwa, jioni hiyo supamaketi watu wanasukumana na troli zimejaa unga, sabuni na tishu. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja asubuhi, na tarehe 6 Aprili Nairobi ikafungwa kabisa, hutoki huingii. Malori ya chakula yaliruhusiwa kupita, lakini mtungi wa mtu wetu haukuwa unakuja na lori, ulikuwa unakuja na matatu, na matatu ndiyo hiyo imezuiwa.

Ya ATM nayo ukitoka kazini unakimbizana na kafyu unapata mwenyewe ashafunga, na yeye pia ana kwake kwa kufika. Watoto nao wako nyumbani, shule zilifungwa katikati ya Machi na wengi hawakurudi mpaka Januari 2021, kwa hivyo ile chai ya saa nne waliyokuwa wanakunywa shule sasa ni juu yako. Ukifikiria vizuri unaona ni maziwa yale yale, yalikuwa yanaenda shule na hotelini, sasa yanatafutwa na mama mmoja mmoja kwa pakiti ndogo, tena pakiti ya kukaa wiki mbili chini ya kitanda bila kuharibika. Na kulikuwa na uoga, tusidanganyane. Kile kikombe cha kupimia tulianza kukiangalia vibaya, tukaona afadhali kitu kimefungwa kiwandani, na hata hicho tulikipangusa na sanitaiza kabla ya kuingiza ndani. Baadaye Shirika la Afya Duniani likasema hakuna ushahidi kwamba watu wanaambukizwa kupitia chakula ama pakiti zake, lakini saa hiyo mazoea yalikuwa yashaingia.

Sasa maziwa yenyewe. Kitu cha kwanza, watu wanasema ati yamewekwa dawa ndiyo yakae miezi. Hapana. Yanachemshwa kwa moto mkali sana, juu ya nyuzi 135, kwa sekunde chache tu, halafu yanafungwa kwa pakiti ambayo nayo imeuliwa vijidudu, hewa haiingii na mwanga hauingii. Hakuna kitu hai kimebaki ndani cha kuyaharibu, basi. Ndiyo maana huhitaji kuyachemsha tena dakika ishirini kama ya mtungi, mimi nachemsha maji na majani na tangawizi kwanza mpaka iive, maziwa namwaga mwisho, yanapanda mara moja nazima. Makaa inabaki, na chai inatoka nzito vizuri kabisa. Kwa uji wa wimbi pia sina neno. Kunywa hivyo hivyo baridi ndiyo utasikia ladha ya kitu kimepikwa, mdogo wangu anayapenda, mimi sana sana hapana.

Mala, yaani maziwa ya kugandishwa, ndiyo iliniuma. Nimelelewa na mala ya kuachwa kwa sufuria ikashika yenyewe, nikajaribu na long life siku mbili nzima, ikawa chungu na harufu mbaya nikamwaga yote. Vile vijidudu vya kuigandisha vilikufa kiwandani, sasa itashikaje? Nimekuja kujua ukiweka vijiko viwili vya mala nzuri ya zamani ukafunika mahali pa joto inashika, na inatoka laini. Lakini utando wa juu sahau, mafuta yake yamevunjwa vunjwa yakachanganyika yote.

Ukishafungua ni maziwa kama maziwa mengine, yasilale mezani ukategemea jina. Bila friji nunua pakiti ndogo umalize siku hiyo. Na angalia pakiti kabla ya kulipa jamani, kuna duka moja niliuziwa tatu zimefura kama mpira, tarehe bado iko mbali, nikaambiwa ni joto tu. Pakiti ikifura, irudishe, usionje hata kidogo.

Kile kinanisumbua zaidi ni bei, na sio kwa sababu yangu. Jirani yangu alikuwa anafanya hotelini, hoteli ilipofunga akarudi nyumbani bila mshahara, na mbeleni alikuwa anaenda kwa ATM na shilingi ishirini anapata ya chai ya watoto wawili. Pakiti huwezi kukatiwa nusu. Sisi wenye mshahara tulikuwa tunabeba katoni nzima, yeye miezi hiyo yote nyumba yake ilikunywa strungi, chai bila maziwa, na mimi nilikuwa nampelekea pakiti moja Jumapili nikijua Jumatatu hakuna. Wakati watu wanasema korona ilifanya kila mtu ahamie vya pakiti namkumbuka yeye, yeye alihamishwa kutoka kwa maziwa kabisa.

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Mtu wa maziwa alirudi ila wateja wake wengi wa ploti hawakurudi, na mimi nimerudi nusu: Jumatatu mpaka Ijumaa long life kwa sababu naingia nyumbani saa mbili usiku na hakuna kitu kingine kitaningoja bila kuharibika, Jumamosi nachukua kwake lita mbili za mala. Long life naipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nitaiweka siku nitaona pakiti ya kutosha chai ya watu watatu kwa bei ile jirani yangu alikuwa analipa pale steji.