Uchambuzi: Makumbusho ya Van Gogh, Amsterdam

Watazamaji wapendwa, karibuni. Leo ninachambua Makumbusho ya Van Gogh yaliyoko Amsterdam, Uholanzi, na ninatanguliza hukumu yangu kwa yule anayetaka jibu la haraka: tiketi yake inastahili fedha inayotozwa, mradi usiende kwa ajili ya picha moja tu uliyoizoea kwenye kalenda. Wageni wengi huingia wakiitafuta ile ya usiku wenye nyota zinazozunguka angani, nayo haipo hapa, iko New York. Hapa kuna picha zaidi ya 200 za rangi, michoro ya mkono ipatayo 500 na sehemu kubwa ya barua zake, na hakuna mahali pengine duniani unapoweza kuifuatilia kazi ya mchoraji huyu kwa ukamilifu wa namna hiyo.

Vincent van Gogh alizaliwa mwaka 1853, akaamua kuwa msanii akiwa na umri wa miaka 27, akafariki Julai 1890 akiwa na miaka 37. Kazi yote hiyo, basi, ni ya muongo mmoja tu, na ndiyo maana nawasihi mzitazame picha kwa kufuata miaka yake badala ya kukimbilia zile zinazojulikana.

Anzeni na "Wala Viazi" ya mwaka 1885. Ni picha ya giza, na watu wengi huipita upesi wakielekea kwenye picha ya maua ya alizeti. Wakulima watano wa kijiji cha Nuenen wameizunguka meza chini ya taa moja ya mafuta, wanakula viazi na kumimina kahawa. Tazameni mikono: ina vifundo, ni mikubwa kupita kiasi, na rangi yake inakaribia ile ya kiazi ambacho hakijamenywa. Mchoraji mwenyewe alimweleza ndugu yake Theo kwamba alitaka ionekane wazi kuwa mikono inayoingia kwenye sahani ndiyo iliyoilima ardhi, na kwamba chakula kile wamekitolea jasho. Wapo walioikosoa wakati ule kwa maumbo yake yasiyo sawia; mimi naona kwamba kama angeyanyoosha maumbo hayo, heshima anayowapa watu hawa ingepungua.

Baada ya hapo alikwenda Paris mwaka 1886, na rangi zikafunguka. Hakuwa na fedha za kuwalipa watu wamkalie ili awachore, kwa hiyo akajichora mwenyewe mara nyingi kwa kutumia kioo, na nyuso hizo zikipangwa pamoja zinaonesha jinsi mguso wa brashi ulivyozidi kuwa mfupi na mwepesi mwezi baada ya mwezi.

Jambo lililonivutia kuliko yote ni ukweli ambao makumbusho haya hayaufichi: rangi tunazoziona leo siyo zile alizozipaka. Katika barua ya Oktoba 1888 alieleza kwamba kuta za chumba chake cha kulala mjini Arles, kusini mwa Ufaransa, ni za zambarau hafifu, lakini ukisimama mbele ya picha hiyo sasa unaona kuta za buluu, kwa sababu wekundu uliochanganywa humo umechujuka kwa mwanga. "Alizeti" ya Januari 1889 nayo imebadilika, manjano yake yameingia kahawia, na hali yake ni dhaifu kiasi kwamba mwaka 2019 iliamuliwa isisafirishwe tena kwenda maonesho ya nje. Anayetaka kuiona picha hii hana budi kuja Amsterdam.

Picha ya matawi ya mlozi yaliyochanua, iliyochorwa Februari 1890, ilikuwa zawadi kwa mtoto mchanga wa Theo, aliyepewa jina la baba yake mkubwa, Vincent. Maua yale meupe yalikuwa na waridi zaidi hapo mwanzo. Theo alifariki Januari 1891, miezi sita tu baada ya kaka yake, akamwacha mkewe, Jo van Gogh-Bonger, mjane wa miaka 28 mwenye mtoto wa mwaka mmoja na nyumba iliyojaa picha ambazo soko lilikuwa halijazithamini. Jo aliuza baadhi kwa uangalifu, akaandaa maonesho, akachapisha barua mwaka 1914. Mtoto yule alipokua alikabidhi mkusanyiko kwa wakfu mwaka 1962, na serikali ikajenga makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1973. Kwa maoni yangu, bila Jo tusingekuwa na cha kuchambua leo, na habari zake zinastahili muda wenu ndani ya jengo kama picha zenyewe.

Jengo kuu lilisanifiwa na Gerrit Rietveld. Ni la mraba, lina mwanga mzuri wa juu, halishindani na picha.

Upungufu mkubwa ni msongamano. Ni moja ya makumbusho yanayotembelewa sana Ulaya, na mbele ya alizeti ni shida kupata nafasi ya kusimama kwa utulivu. Tiketi hununuliwa kwenye intaneti pekee na huwa na saa maalumu ya kuingia, kwa hiyo chagueni saa ya kwanza asubuhi au ya mwisho jioni, siku ya kazi. Walio chini ya miaka 18 hawalipi, jambo linaloipunguzia familia gharama kwa kiasi kikubwa.

Barua zake 819 zilizosalia zimewekwa kwenye intaneti bila malipo pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kabla ya safari someni ile ya chumba cha kulala, kisha mkifika mlinganishe maneno yake na kuta mtakazoziona.