Ukishaambiwa muuaji ni nani: vitabu vya kununua na vya kuazima, kwa msomaji wa Amu

Barazani kwetu Langoni, mtaa wa hapa Amu, yaani Lamu, siri hailali. Fungua riwaya ya upelelezi baada ya alasiri, na kabla ya adhana ya magharibi atapita mtu aliyeisoma zamani. Atakusalimu, atainama atazame jalada, kisha atasema kwa roho safi kabisa: "Ah, hiyo! Muuaji ni mpwawe." Zamani nilikuwa nikikasirika. Siku hizi hilo ndilo limekuwa mzani wangu wa kununulia. Kitabu kinachokufa ukishajua mwisho wake, kiazime. Kinachobaki kitamu hata baada ya jirani kukimwaga chote, hicho kitolee pesa. Na kwa mzani huu tawasifu zinaanza mbele, maana mwisho wake tunaujua tangu dukani: mwandishi alipona, la sivyo angeandika nini?

Pesa nazo zina hesabu yake kwetu. Kitabu kipya mara nyingi ni cha kuagiza Mombasa. Kitapanda basi, kipite Malindi na Witu hadi Mokowe, halafu kishuke mashuani. Wakati wa kusi maji huingia mpaka kwenye mizigo, na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017, kwa hiyo mwambie anayekutumia akifunge kwa kipande cha turubai. Nimewahi kupokea riwaya iliyovimba kama mkate wa mofa. Kwa hiyo sinunui kimoja kimoja: nangoja niwe na orodha, naagiza mara moja.

Orodha yangu ya mwaka huu, kuanzia kile nisichoazima mtu, ni hii.

Juu kabisa naweka kumbukumbu za Sayyida Salme binti Said, aliyejulikana baadaye kama Emily Ruete. Alizaliwa Unguja 1844, binti wa Sayyid Said bin Sultan, na kitabu kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Nilicho nacho mimi ni tafsiri ya Kiingereza. Wengi wanakinunua kwa sababu ya mapenzi yake na Mjerumani na kule kutoroka kwake 1866. Mimi nasema kinunue kwa sababu ya kurasa za 1859. Baba amekwisha kufa, kaka yake Majid yuko kwenye kiti cha usultani, nduguye Barghash anakitaka. Salme ana miaka kama kumi na mitano na ndiye katibu wa njama ya Barghash. Kwa nini yeye? Kwa sababu anajua kuandika. Alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ule mfupa ndio uliomwingiza kwenye uasi! Nyumba ya Barghash inazingirwa, dada zake wanamwendea, naye anatoka amejifunika nguo za kike, yanaonekana macho tu. Sisi watu wa Amu, ambao bibi zetu walitembea ndani ya shiraa, lile pazia la kitambaa la kuwasitiri njiani, tunaelewa mara moja jinsi mtu anavyoweza kupotea mbele ya askari. Ninajua Barghash atashindwa na kupelekwa Bombay, na ninajua atarudi, na mwishowe atatawala. Bado kila nikifika hapo sikiweki chini.

Kasoro yake lazima niitaje, kwani ni kubwa: anapofika kwenye utumwa, anautetea. Anaandika kama mtu aliyehudumiwa tangu utotoni na asiyetaka kuulizwa alihudumiwa na nani. Sura ile isome, usiiruke, lakini usimwachie aongee peke yake.

Cha pili ni riwaya: Mzimu wa Watu wa Kale, ya Muhammed Said Abdulla. Mswada wake ulipata tuzo ya kwanza katika shindano la uandishi la 1957–58 na kitabu kikatoka 1960. Mwandishi alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuingia kwenye magazeti, na mimi naamini kazi ile ndiyo iliyomfundisha mpelelezi wake, Bwana Msa, kuingia nyumba za watu na kutazama wasichotaka kitazamwe. Mtu ameuawa, maiti imekutwa mzimuni, mtaa mzima una jibu tayari: ni mizimu. Bwana Msa anavuta kiko chake. Mimi niliambiwa muuaji nikiwa ukurasa wa kumi na kitu, nikaendelea, na sikujuta, maana raha iko kwenye Kiswahili chenyewe, kile cha watu kujibizana ukumbini, kila mmoja akijua zaidi ya anachokisema. Watu husema huyu ni mpelelezi wa Kiingereza aliyevishwa kanzu. Kiko, sawa. Lakini Mwingereza gani anayeweza kusoma maana ya mtu kukataa kahawa? Ukikipenda, endelea na Kisima cha Giningi cha 1968.

Maisha Yangu ya Shaaban Robert ni chembamba, na kwa anayeanza kununua tawasifu kwa Kiswahili ndicho cha bei isiyoumiza. Hakuna bastola. Kuna mtumishi wa serikali anayehamishwa kituo hadi kituo, mke anayefariki, na baba anayewatungia wanawe tenzi za wasia. Hapo msomaji wa Amu atasimama kidogo, kwa kuwa utenzi wa Mwana Kupona wa 1858 kwa bintiye tumelelewa nao. Nilivisoma viwili hivyo usiku mmoja, mama wa karne ile na baba wa karne hii iliyopita, wote wanaogopa kufa kabla ya kumaliza kusema. Nunua kipya. Nakala za mitumba nilizoziona zimejaa maandishi ya wanafunzi wa mtihani.

Unbowed, tawasifu ya Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, ya 2006, kwa Kiingereza. Sehemu ya jengo la ghorofa 60 lililotaka kusimamishwa Uhuru Park mwaka 1989 inasomeka kama riwaya ya Nairobi yenye maadui wa kweli, na ya msitu wa Karura vilevile. Inapofika kwenye safari na mikutano ya nje inapoa, mimi huruka.

Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, nimemweka chini ingawa najua wanahistoria watanigombeza. Aliyaeleza maisha yake mwenyewe, kwa Kiswahili, kabla ya kufariki 1905, na hilo peke yake ni hazina. Lakini msimuliaji anayekuhesabia pembe kwa frasila, safari baada ya safari, na watu waliozibeba asiwape hata jina, anachosha kwa namna inayotisha. Kiazime. Soma sura tatu nne, utajua kama unataka zaidi.

Vya Malindi ni hadithi nyingine. Wageni wa Kiitalia huacha riwaya zao hotelini na zinaishia kwenye meza za mitumba kwa bei ya maandazi. Nilinunua moja kwa sababu ya jalada tu, nikamwomba kijana anayetembeza watalii anitafsirie. Alifika sura ya pili akasema, "Mzee, huyu anakula sana," akanirudishia. Usinunue jalada.

Mwisho, wapelelezi wa riwaya za vitimbi: Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Ujana wangu wote uko humo: ndege, warembo, makaburu na mamluki wakipigwa. Kwa mzani wangu hawa ndio wa kwanza kuanguka, kwa sababu ukishajua nani kafa, kinachobaki ni magari. Hata hivyo siku ya joto, umeme umekatika, hakuna kinachowashinda. Tafuta vya mitumba, ila kabla hujalipa vikague: vinuse, kwani uvundo hautoki hata ukivianika kivulini wiki nzima, tazama mshono kama haujaliwa na wadudu, halafu fungua nyuma kabisa uhesabu kurasa. Kufa na Kupona yangu, ya Musiba, ya 1974, nilipewa kwa shilingi 200 na imekatika kurasa za mwisho. Nilimrudia muuzaji. Akaniambia nikakae barazani, nitaambiwa.