TAHADHARI: tangazo la "nusu saizi, nusu bei" linaumiza watu

Jamani naombeni msome hii, hasa kama unatafuta tenki la maji, zulia au kitu chochote kinachouzwa kwa saizi.

Kuna muuzaji mtandaoni anaposti picha ya matenki mawili yamesimama pamoja, kubwa na dogo lake, chini kaandika "nusu saizi, nusu bei". Lile kubwa ni la lita 1000. Mimi nikajua basi dogo ni lita 500, na nani angewaza tofauti? Nikalipa, likaletwa, nikaliangalia roho ikasita, mbona dogo hivi. Nikachukua tepu nikapima, kipenyo sentimita 50, kimo sentimita 65. Kubwa kwenye tangazo limeandikwa mita 1 kwa mita 1.3, kwa hiyo kweli kila kipimo ni nusu kamili. Nikampigia, akanijibu kwa kujiamini kabisa, "pima mwenyewe, kama sio nusu lirudishe". Na hapo ndo mtego ulipo, maana kwa tepu hajadanganya hata sentimita moja.

Nikasema ngoja nilijaze. Ndoo ya lita 20, nikawa namimina huku nahesabu, moja, mbili, tatu... ndoo ya sita imeisha, ya saba haijafika hata nusu, maji yanamwagika. Lita 127 hivi. Nilitegemea ndoo 25!

Hesabu yenyewe iko hivi. Ukipunguza kila upande wa kitu kuwa nusu na umbo likabaki lilelile, ujazo haupungui kwa nusu, unapungua nusu mara nusu mara nusu, yaani inabaki sehemu moja ya nane. Kama huamini chukua boksi la mraba, tengeneza viboksi ambavyo kila upande ni nusu yake, vipange humo ndani: vinne chini, vinne juu, vinaingia vinane. Sasa wewe umelipa nusu ya bei kwa kiboksi kimoja kati ya vinane. Na yeye plastiki aliyotumia ni robo tu hata kama unene ni uleule, kwa sababu eneo la nje linashuka nusu mara nusu. Kwa hiyo faida yote inabaki kwake na hasara yote kwako, ndo maana limeniuma sana.

Tenki la lita 500 la kweli, lenye umbo lilelile, linatakiwa liwe na kipenyo kama sentimita 79 na kimo kama 103. Yaani ukiliweka pembeni ya lile la 1000 utaona limepungua kidogo tu. Ukiona kwenye picha dogo linafika katikati ya kubwa, jua hilo sio nusu, achana nalo.

Mazulia ni vilevile, mita 3 kwa 2 ni mita za mraba 6, "nusu" yake ya mita 1.5 kwa 1 ni mita za mraba 1.5, robo hiyo.

Halafu kuna hii nyingine ambayo naona ni hatari zaidi kwa sababu inahusu viwanja. Ramani imechorwa kwa skeli ya 1:1000, sentimita moja ni mita 10. Mtu anaipeleka fotokopi anaikuza kutoka A4 kwenda A3, mashine inaandika 141%, lakini yale maandishi ya 1:1000 yanabaki palepale kama yalivyo. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 ukikipima kwa rula kwenye kopi hiyo unapata karibu mita 28 kwa 42, mita za mraba 600 zinageuka karibu 1200. Na kwa macho hutagundua kitu maana pembe hazibadiliki, umbo ni lilelile kabisa. Angalia mstari wa skeli uliochorwa kwenye ramani, ule unakua pamoja na mchoro, pima huo na usitegemee namba iliyoandikwa. Na vipimo halisi kavipime uwanjani, tafadhali.

Kwa yeyote anayetaka kununua, mlazimishe muuzaji aandike lita, au mita za mraba, kwenye risiti. Neno "saizi" halina maana yoyote mpaka aseme ni urefu, eneo au ujazo.

Huyu wa kwangu nimemwandikia mara tatu, jibu ni moja tu, "si ulipima". Tangazo lake bado liko hewani. Picha ni matenki mawili meusi, kubwa linamfika kifuani kijana aliyesimama pembeni, dogo liko juu kidogo ya goti lake. Ukiliona ndo huyo, usitume hela.